CZ 457 ya .17 HMR: mtutu mrefu au mfupi? Nimetumia yote, haya ndo maoni yangu

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike. Kama unanunua bunduki ya kaliba ndogo, .17 HMR au .22 LR (hizo ni aina za risasi, namba ni upana wake kwa sehemu ya inchi), kwa ajili ya wanyama waharibifu, chukua mtutu wa inchi 20 hivi, ule mnene, wala usilipie inchi 24 ukidhani unanunua nguvu maana nguvu haipo huko. Ila kama unaenda kwenye .22-250 au .204 Ruger, risasi za baruti nyingi, basi hili jibu sio lako, huko urefu una kazi yake na nitafika.

Mi niko Amarillo, Texas, huku juu wanakoita Panhandle, nyanda tupu mpaka macho yanachoka, ng'ombe wengi kuliko watu na upepo usiojua kupumzika. Waswahili tupo huku wa kutosha, wengi ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokuja kwa njia ya ukimbizi, Watanzania na Wakenya tunahesabika tu, na kazi zetu unazijua, viwanda vya nyama na malori. Sasa kwenye malisho ya huku kuna yule kindi wa mashimoni anayeitwa prairie dog, mnyama mwenyewe hata kilo mbili hafiki ila anaishi kijiji kizima, anakata majani mpaka ardhi inabaki kichwa cha upara na anachimba kila baada ya hatua chache, wenye ranchi hawampendi kabisa. Ukiwa na leseni ya kuwinda ya jimbo na ukaomba kwa adabu wengi wanakuruhusu uingie, wengine wanakushukuru na soda juu.

Bunduki ninayoizungumzia ni CZ 457. Inatoka Uherský Brod, Jamhuri ya Czech, ilianza kuuzwa 2019 kuchukua nafasi ya modeli yao ya 455. Kilichonifanya niipende kuliko nyingine za bei yake ni kwamba mtutu unabadilika, kuna skrubu mbili tu za kulegeza kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, unachomoa mtutu wa .22 LR unachomeka wa .17 HMR, bolti (kile chuma cha kusukuma risasi ndani) ni ileile, unachobadilisha kingine ni magazini (kisanduku cha risasi) na kile kipande cha plastiki kinachojaza nafasi kwenye tundu la magazini. Hauhitaji fundi. Darubini lazima uiseti upya, hilo halikwepeki.

Mitutu niliyopiga nayo ni mitatu. Ule wa toleo linaloitwa American, inchi 24.8, mwembamba. Ule wa toleo la Varmint, inchi 20.5, mnene mwanzo mpaka mwisho. Hiyo miwili ni ya .17 HMR. Na wa tatu ni wa inchi 16.5 wa .22 LR ambao ni wa jamaa yangu mmoja, mtu wa Bukavu, tunafanya kazi wote, yeye siku ya kwanza kuiona American yangu alicheka akaniambia, "Ndugu yangu, hii yako iko murefu sana, itaingia mu gari namna gani?" Na kusema ukweli hoja yake ilikuwa na uzito kuliko hoja nyingi nilizosikia dukani.

Dukani ndo shida inapoanzia. Ukiuliza muuzaji urefu gani mzuri utaambiwa mrefu una nguvu na unalenga vizuri zaidi. Hii habari ina ukweli wake wa zamani na imebaki midomoni, lakini kwa hizi risasi ndogo imepitwa.

Angalia kilichomo ndani ya risasi. .22 LR ina baruti kama gramu 0.1, yaani punje kidogo tu za kuweka kwenye ncha ya kijiko. .17 HMR, ambayo kampuni ya risasi ya Hornady waliitoa 2002 kwa kubana shingo ya ganda la .22 Magnum ya Winchester ya 1959, ina kama gramu 0.35. Sasa .223 Remington inakula gramu 1.6 hivi na .22-250 inaenda gramu 2.4 mpaka zaidi, na zote hizo mbili zinasukuma kichwa cha risasi cha upana karibu sawa na wa .22 LR. Baruti ikiungua inageuka gesi, gesi inasukuma risasi mbele, na kadiri risasi inavyosonga ndo nafasi nyuma yake inaongezeka na presha inashuka. Ni sawa na watu wanaosukuma daladala iliyozima, wakiwa wawili watachoka mapema na barabara iliyobaki haiongezi mwendo tena, wakiwa ishirini watafika nayo mbali. Gramu 0.1 ni wale watu wawili. Kwenye .22 LR gesi imeshamaliza kazi ya maana risasi ikiwa inchi 16 hadi 18 kutoka chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), baada ya hapo inchi zinazobaki zinaongeza kidogo mno au haziongezi kabisa, na ukitumia zile risasi za taratibu mtutu mrefu unaweza hata kupunguza mwendo kwa msuguano. Kwa hiyo jamaa yangu na inchi zake 16.5 hajapoteza kitu cha kulia.

.17 HMR ina tamaa zaidi kidogo. Namba ya kwenye boksi ya ile risasi ya Hornady inayoitwa V-Max, ya greni 17 (greni ni kipimo cha uzito, 17 ni kama gramu 1.1), ni futi 2,550 kwa sekunde, na hiyo imepimwa kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 24. Watu wanaishika hiyo namba wanasema basi ukipungua chini ya 24 umeibiwa. Tulipopitisha Varmint na American kwenye kipima mwendo, risasi za boksi moja, tofauti kati ya mitutu ilikuwa inakaribiana na tofauti kati ya risasi na risasi. Lakini tuache kipimo changu cha porini, tuchukue kwamba unapoteza futi 50 kamili, kwa kuuonea ule mfupi. Hornady wenyewe wanaonyesha hiyo risasi ikifika yadi 100 imeshashuka hadi futi 1,901. Yaani inapoteza karibu futi 650 ndani ya yadi 100, ambayo ni futi sita na nusu kila yadi. Piga hesabu, hizo futi 50 unazozililia zinaliwa na hewa ndani ya yadi nane. Mtu mwenye mtutu mfupi akisogea mbele hatua nane mmelingana. Hatua nane! Mnyama mwenyewe yuko yadi 120 na wewe umelala kifudifudi kwenye nyasi kavu, hatua nane huwezi hata kuzikadiria kwa macho.

Tena mpinzani wako hapa sio mwendo wa risasi, ni upepo. Upepo wa maili 10 kwa saa, ambao kwa Amarillo ni siku tulivu watu wananing'iniza nguo, unaisogeza greni 17 pembeni zaidi ya inchi tatu ukiwa yadi 100, na ukifika yadi 200 imehama zaidi ya futi moja. Mnyama mwenyewe amesimama upana wake kama chupa ya maji. Sasa hizo inchi nne za ziada za mtutu zinapunguza huo msogeo kwa kiasi ambacho hata robo inchi hakifiki kwenye yadi 100. Ukitaka kushinda upepo songa karibu, au amka mapema kabla haujachangamka, au nunua kaliba nyingine.

Swala la kulenga. Hapa ndo nafurahia kubishana. Mrefu ulikuwa unalenga vizuri enzi za kulenga kwa macho, maana ile alama ya kulengea ya mbele ikiwa mbali na ya nyuma kosa la jicho linaonekana zaidi. Ukiweka darubini hiyo faida imekufa, darubini haijali mtutu umeishia wapi. Kinachobaki ni ugumu, na kwenye ugumu mfupi ndo mshindi kwa hesabu za darasani tu, chuma cha unene mmoja kinapinda kulingana na urefu mara tatu yaani urefu kwa urefu kwa urefu, kwa hiyo inchi 24 inapinda kirahisi kama mara tatu kuliko inchi 16.5 ya unene uleule. Na unene ndo kabisa, ukiuzidisha mara mbili ugumu unapanda mara 16. Ndo maana ile Varmint ya inchi 20.5 mnene inakaa imetulia, ikipata moto baada ya kupiga magazini kadhaa haianzi kuhamisha matundu kwenye karatasi. American yangu nikiwa nimepiga kwa haraka matundu yanaanza kutawanyika kidogo, sio sana, ila kwenye kijiji cha kindi ambapo unapiga mfululizo asubuhi nzima unaliona. Kwa kuwinda sungura mmoja mmoja wala hautalijua.

Hiyo haimaanishi mfupi wowote unalenga. Mtutu uliokatwa vibaya mdomoni ni takataka hata uwe inchi 30, kwa sababu mdomo ndo kitu cha mwisho risasi inakigusa. Kama unanunua bunduki iliyotumika na mtu anakwambia "niliikata mwenyewe" shukuru, muage, ondoka.

Sasa huu urefu unabadilisha nini kama sio nguvu wala shabaha? Vitu vitatu ambavyo wauzaji hawavisemi sana. Cha kwanza ni mlingano mikononi. American ni nyepesi na uzito wake umeenda mbele kidogo, ukipiga umesimama au umeegemea nguzo ya uzio inatulia vizuri kuliko unavyotegemea, naikubali kwa hilo. Varmint ni nzito, ukitembea nayo siku nzima begani utaikumbuka jioni, ila ukiweka kwenye baipodi (miguu miwili ya kuegemeza) au juu ya begi hausikii kitu. Ile ya 16.5 ya jamaa ni fupi hadi raha, inazunguka ndani ya kabini ya pikapu bila kugonga kioo, anaishusha na kuipandisha huku mi bado napigana na mlango. Ni kitu kidogo lakini ndo kitu unachokifanya mara nyingi kuliko kufyatua.

Cha pili ni kelele. Mtutu mrefu kwenye .22 LR unapunguza kelele kweli, gesi inatoka ikiwa imeshalegea, na ukiweka zile risasi za futi 1,070 ambazo haziivuki spidi ya sauti unasikia pini ikigonga tu karibu. Kwenye .17 HMR usitegemee hayo, risasi yenyewe inakwenda mara mbili na zaidi ya spidi ya sauti, ule mlio wake wa kupasua hewa hauzuiliki na mtutu wa urefu wowote. Vaa vizuia sauti masikioni, kaliba ndogo inaua masikio taratibu watu hawajui.

Cha tatu ni sailensa, kile kifaa cha kupunguza kelele kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, na hapa ndo biashara nzima ya mitutu mifupi ilipo siku hizi. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1934 mtutu wa raifo usipungue inchi 16, ukipungua unaingia kwenye usajili mwingine kabisa, ndo maana madukani unakuta 16 na 16.5 zimejaa. Sheria hiyohiyo iliweka kodi ya dola 200 kwenye sailensa, na kuanzia Januari 1, 2026 hiyo kodi imekuwa sifuri, ingawa fomu na alama za vidole bado zipo palepale. Texas inaruhusu. Ukifunga sailensa ya inchi tano au sita mbele ya mtutu wa 24.8 unakuwa na fimbo ya kuangulia maembe, hauendi nayo popote. Kwenye 16.5 unapata jumla ya inchi 22 na kelele imeshuka, na kindi hawakimbilii wote shimoni kwa pamoja. Kama una mpango wa sailensa hata usinisome sana, chukua mfupi wenye nyuzi za kuifungia mdomoni, maliza. Kwa .17 HMR wapo watengenezaji wa mitutu wanaouza urefu wa 16 hadi 18 ya kuchomeka kwenye 457, hizo sijazipiga.

Sasa nilisema kuna upande mwingine. Hizi za baruti nyingi hadithi inageuka. .223 ukiipunguza kutoka 24 hadi 20 unapoteza kama futi 100 hivi kwa sekunde, futi 20 mpaka 30 kila inchi ndo makadirio ya kawaida, na kwa yadi 250 bado unaishi nayo vizuri, mi ningechukua 20 au 22 bila kufikiri mara mbili. Lakini .22-250 ile gramu 2.4 ya baruti inataka nafasi ya kuungulia, ukiiweka kwenye inchi 18 unapata moto mkubwa mdomoni, kelele ya kukera na mwendo unaokaribia .223 iliyo kwenye mtutu mrefu, yaani unanunua baruti ya bei ili uichome hewani. Hiyo iache 24, ukiweza 26. .204 Ruger nayo, ile namba yao ya futi 4,225 kwa greni 32 imetolewa kwenye mtutu wa inchi 26, ukinunua ya 20 usije ukadai hiyo namba. Kwa mtu anayepiga yadi 300 na kuendelea, kwenye kijiji cha kindi ambacho kimeshaogopa watu, hapo mrefu na mnene ndo silaha, uzito sio tatizo maana haubebi, umekaa kwenye benchi.

Mambo mengine ya hii 457 kwa ufupi. Traiga (kifyatulio) ni nzuri sana kwa bei yake, inarekebishika mwenyewe kwa skrubu, ya kwangu nimeilegeza na haijawahi kunifanya nitamani nyingine. Bolti inanyanyuka nyuzi 60 tu kwa hiyo mkono haugongi darubini hata ukiweka kubwa. Sefti (kufuli la usalama) unasukuma mbele kupiga, vizuri, maana CZ za zamani ilikuwa kinyume na ukihama kutoka huko angalia vidole vyako. Magazini ya risasi tano ni ndogo kwa kazi ya kindi, nunua za ziada siku hiyohiyo. Na mgongo wa bunduki ni ule wa mfereji wa milimita 11, kwa hiyo bajeti ya reli au ringi za kushikia darubini iweke pembeni kabla haujaenda kutamba na darubini mpya.

Usafi: tundu la .17 ni dogo, linashika uchafu wa shaba mapema kuliko .22, na fimbo ya kusafishia ya .22 haiingii. Nunua ya .17, ya kipande kimoja, zile za kuunganisha zinapinda.

Risasi za .17 HMR huku zinacheza dola 15 mpaka 20 boksi la 50, wakati .22 LR ni senti tu kwa moja. Ndo sababu ya msingi nasema huo uwezo wa kubadilisha mtutu una thamani kuliko inchi zozote, unafanya mazoezi na .22 LR kwa bei ya chai, kitako kilekile, traiga ileile, siku ya kazi unachomeka .17.

Kwa wageni wenzangu, mwenye green card anaruhusiwa kununua, utajaza fomu 4473 dukani na utapigiwa ukaguzi wa rekodi zako. Mwenye visa ya muda, ya shule au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda lakini usiufuate kwa kusikia kwa mtu kama mimi, tafuta wakili, maana kosa dogo la bunduki kwa mgeni linageuka kesi ya uhamiaji.

Alafu huko malishoni angalieni bundi. Kuna bundi wadogo wanaishi kwenye mashimo ya kindi, wanasimama mlangoni mchana kweupe kama walinzi, kwa mbali unaweza kumdhania kindi. Wanalindwa na sheria ya shirikisho na faini sio ya mchezo. Na kindi waliokufa usiwashike kwa mikono mitupu, viroboto vyao vinaweza kubeba tauni.

Alama zangu: Varmint ya inchi 20.5, nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya uzito. American ya 24.8, tatu na nusu, ni bunduki nzuri ya kutembea nayo ila usiinunue kwa sababu ya urefu. Ile ya 16.5 ya .22 LR jamaa yangu anasema tano, mi naipa nne, na hatujakubaliana.